Chanjo, Chakula na Neno la Daktari

Ndugu Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mwalimu Mkuu na walimu wote, wazazi na walezi wenzangu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari zenu za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie chanjo ya mabinti zetu na chakula cha watoto, na Mwalimu Mkuu amenieleza kwamba swali lililoletwa na wazazi ni fupi: hawa madaktari tuwaamini hadi wapi? Nimelifurahia swali hilo. Mimi ni muuguzi mkunga. Sehemu kubwa ya maisha yangu imepita kliniki ya mama na mtoto, kupima uzito, kuchoma sindano na kujaza kadi. Ninachokionea aibu katika kazi yetu ni pale mama anapouliza swali la namna hii akajibiwa, "Kwani wewe mama umesomea?" Mama hakusomea, lakini mtoto ni wake.

Jibu langu nalitoa mapema, ili anayewahi sokoni aondoke nalo. Neno la daktari lina uzito kwa kadiri ya kazi iliyofanyika kabla hajalitamka. Kwenye chanjo kazi hiyo ni kubwa, imefanyika mbele ya macho ya wengi, na sehemu yake imefanyika hapa kwetu. Kwenye chakula yapo mambo machache yaliyopimwa kwa uzito huohuo, na yapo mengi ambayo daktari huyasema kama mtu mwingine yeyote aliyesoma gazeti, ila yeye kavaa koti jeupe. Kwa hiyo daktari yuleyule, asubuhi ileile, anaweza kukuambia mambo mawili: moja ukalishika, na la pili ukamrudia kumuuliza mara tatu. Huko si kumkosea adabu.

Tuanze na chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, maana ndiyo iliyotukutanisha. Inakadiriwa kwamba saratani ya mlango wa kizazi huwapata wanawake zaidi ya 10,000 kila mwaka katika nchi yetu, na zaidi ya 6,000 hufariki. Wengi hufika hospitali wamechelewa. Nimewauguza wanawake hao. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, ana watoto wa shule, damu haikatiki, na ndugu wameanza kukaa mbali naye kwa sababu ya harufu. Siwaelezi haya kuwatisha. Nawaeleza kwa sababu ugonjwa huu, karibu kila unapotokea, chanzo chake ni kirusi ambacho mtu anaweza kukingwa nacho akiwa bado msichana mdogo.

Tanzania ilianza kuchanja mabinti nchi nzima mwaka 2018, kwa dozi mbili. Mwaka 2024 tukahamia dozi moja. Hapo maneno yakaanza mitaani. Mbona mbili zimekuwa moja? Dawa imepungua? Au watoto wetu wanafanyiwa majaribio?

Majaribio yalifanyika, ndiyo, na kwa dozi moja yalifanyika Mwanza. Walichukuliwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kwa ridhaa ya wazazi wao, wakagawanywa kwa bahati nasibu: wapo waliopata dozi moja, wapo waliopata mbili, wapo waliopata tatu. Kisha watafiti wakawafuatilia kwa miaka, wakipima damu yao kuona kama kinga bado ipo. Miaka miwili baadaye, karibu wote waliopata dozi moja walikuwa nayo bado. Kenya nao walifanya utafiti wao kwa wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, huko Kisumu, Thika na Nairobi. Wengine walichanjwa HPV, wengine wakapewa kwanza chanjo ya homa ya uti wa mgongo ili wawe wa kulinganishia, na si binti wala mhudumu wa kliniki aliyejua nani kapata ipi. Baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imezuia maambukizi ya kudumu ya aina mbili hatari zaidi za kirusi hicho kwa zaidi ya 97%. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likaandika kwamba dozi moja inaweza kutumika. Sisi tukafuata.

Nataka mlitazame jambo hili vizuri, maana ndilo kiini cha maneno yangu leo. Hakuna profesa aliyeamka asubuhi akaona moja inatosha. Watu walihesabu. Walioshiriki ni mabinti wa huku kwetu, wanaokula ugali na dagaa, wanaougua malaria, wenye minyoo kama watoto wetu. Mtu akikuambia "haya mambo yamepimwa kwa Wazungu tu", mwambie aulize Mwanza.

Najua hofu kubwa ni uzazi. Mama anajiuliza: binti yangu atazaa? Australia ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2007. Wasichana wale leo ni watu wazima, wana watoto. Marekani nao walipitia kumbukumbu za hospitali za wasichana na wanawake vijana karibu 200,000, wakitafuta kama chanjo hii inafanya ovari zife mapema; utafiti ulitoka mwaka 2018 na hawakukuta hivyo. Sweden walifuatilia wanawake karibu milioni 1.7, na mwaka 2020 wakaonyesha kwamba waliochanjwa kabla ya kufikisha miaka 17 walikuwa na saratani hii kwa kiwango kilichopungua kwa 88%. Sasa mzazi, uweke mezani huo upande mmoja, na upande wa pili weka sauti uliyotumiwa WhatsApp na mtu asiyejitaja jina. Upime mwenyewe.

Yupo atakayesema: mbona madaktari wamewahi kukosea? Wamekosea, na haifai niwafiche. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishauri itumike chanjo ya surua yenye nguvu kubwa kuliko ya kawaida, ili watoto wachanjwe mapema, wakiwa na miezi sita. Wazo lilionekana jema. Lakini Guinea-Bissau na Senegal kulikuwa na watafiti walioendelea kuwahesabu watoto baada ya sindano, nyumba kwa nyumba, nani hai na nani kafa. Wakaona kwamba wasichana waliopata chanjo ile kali walikuwa wakifariki zaidi kuliko waliopata ya kawaida. Mwaka 1992 ikaondolewa. Chanjo ya surua wanayopata watoto wetu leo siyo ile.

Habari hiyo naisimulia kwa makusudi. Mtu anaweza kuisikia akasema, "Si mnaona?" Mimi nikiisikia nauliza: nani aliligundua kosa? Hakuligundua mganga wa kienyeji wala mhubiri wa redioni. Waligundua watu wa fani hiyohiyo, kwa sababu hawakuacha kuhesabu baada ya kuchoma sindano. Ninachokiamini kwenye chanjo ni huko kuhesabu kusikokoma. Hata chanjo ya malaria, ambayo watoto wa Bagamoyo na Korogwe walishiriki kuipima pamoja na wenzao wa nchi nyingine sita, waliohusika hawakuisifia kupita kiasi. Walisema wazi kwamba inapunguza malaria kwa takriban theluthi moja, haimalizi. Walisema pia kwamba katika utafiti ule waliona homa ya uti wa mgongo kwa wingi kidogo miongoni mwa waliochanjwa, na hawajui kama ni bahati mbaya au la. Kwa hiyo ikapelekwa kwanza Ghana, Kenya na Malawi kuanzia mwaka 2019, chini ya uangalizi, na baada ya watoto zaidi ya 800,000 kuchanjwa bila tatizo hilo kuonekana tena, ndipo Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike kwa upana. Mtu anayekutajia mapungufu ya dawa yake kabla hujamuuliza, msikilize.

Kuna jambo jingine linalochanganywa na hili. Ujuzi ni kitu kimoja, uadilifu ni kingine. Mwaka 1996, huko Kano, Nigeria, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliijaribu dawa yake mpya kwa watoto 200. Nusu walipewa dawa hiyo na nusu dawa nyingine. Watoto 11 walifariki katika makundi yote mawili, na familia zikasema hazikuelezwa kwamba hilo ni jaribio. Kesi ilivutana miaka mingi, hadi mwaka 2009 kampuni ilipokubali kulipa dola milioni 75. Jeraha hilo halikusahaulika. Mwaka 2003 viongozi wa Kano waliposimamisha matone ya polio, wakisema yanaua uzazi, watu wengi waliwaelewa upesi. Polio ikatoka Nigeria ikaenda kuibuka katika nchi nyingine nyingi, hadi Yemen na Indonesia. Namibia nako mahakama ya juu ilithibitisha mwaka 2014 kwamba wanawake wenye VVU walifungwa kizazi bila ridhaa ya kweli. Kwa hiyo mama anayeogopa sindano kwa sababu ya uzazi hatoki kwenye ujinga. Yapo yaliyotendeka. Watu wa afya wanaocheka hofu hiyo wananikera, maana wanaidharau historia ambayo wanawake wameilipia kwa miili yao. Lakini kule Kano aliyepooza mguu hakuwa mkubwa wa kampuni. Alikuwa mtoto wa jirani. Tukiwa na shaka na uadilifu wa mtu, tudai maelezo, tudai karatasi ya ridhaa, tudai kujua jina la chanjo na tarehe yake ya kuisha. Hayo ni haki yetu, na yote yanawezekana bila kumwacha mtoto uwanjani bila kinga.

Na mkisikia "daktari mmoja kasema", mkumbuke kwamba hata uongo mkubwa kuliko wote juu ya chanjo katika miaka yetu ulitoka kwa daktari. Andrew Wakefield wa Uingereza, mwaka 1998, aliandika kuhusu watoto 12 na kuihusisha chanjo ya surua na usonji. Mwaka 2010 jarida lililomchapisha lilifuta andiko lake, naye akanyang'anywa leseni. Wadenmaki baadaye waliangalia watoto 657,461 na uhusiano huo hawakuuona. Daktari mmoja mwenye video si madaktari. Awe anaipinga chanjo au anaisifia, muulize wenzake wanasemaje.

Sasa chakula.

Hapa sauti yangu inashuka kidogo, na nadhani ya daktari yeyote mkweli ingeshuka. Daktari anasomea kutambua ugonjwa, kutoa dawa, kupasua. Lishe kwake ni kipande kidogo. Hata Marekani, kwenye vyuo vyenye kila kitu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta wanafunzi wa udaktari wanafundishwa lishe kwa wastani wa saa zisizofika 20 katika miaka yao yote ya chuo. Kwetu tuna kada ya watu waliosomea jambo hilo: maafisa lishe, wapo kwenye halmashauri, na tuna Taasisi ya Chakula na Lishe tangu mwaka 1973. Lakini wangapi hapa wamewahi kuzungumza na afisa lishe? Naona mikono miwili. Na waliowahi kuambiwa na daktari "kula vizuri, punguza wanga" wakatoka chumbani hawajui jioni wapike nini? Ndiyo, hiyo ndiyo hali.

Chakula chenyewe pia kigumu kupimika. Ukimchoma mtoto sindano unajua siku, unajua kiasi, unajua nani kapata na nani hakupata. Chakula mtu anakula vitu vingi kila siku kwa miaka, hakumbuki juzi alikula nini, na anayekula matunda mengi mara nyingi ndiye mwenye kipato, mwenye maji safi na mwenye bima. Afya yake inatokana na lipi? Ndiyo maana mayai yamekuwa mabaya, kisha mazuri, na watu wamechoka. Na pesa nayo imo humo: miaka ya 1960 wenye viwanda vya sukari Marekani waliwalipa watafiti wa Harvard waandike makala iliyoelekeza lawama za ugonjwa wa moyo kwenye mafuta, na jambo hilo lilikuja kuanikwa mwaka 2016.

Wakati mwingine aliyejua alikuwa mama, na daktari alikuja nyuma. Miaka ya 1930, huko Gold Coast, Ghana ya leo, Daktari Cicely Williams aliona watoto waliovimba miguu, nywele zimefifia rangi, ngozi inabanduka. Wakubwa wa tiba walimbishia, wakisema ni ugonjwa mwingine unaojulikana. Yeye aliwasikiliza akina mama wa kabila la Ga, ambao tayari walikuwa na jina la ugonjwa huo, kwashiorkor, na walikuwa wameshaona kwamba humkuta mtoto aliyeondolewa ziwani mwenzake anapozaliwa. Walikuwa sahihi. Kisha wataalamu wa dunia wakaenda upande mwingine kabisa, wakaamini kwa zaidi ya miaka ishirini kwamba tatizo la watoto maskini ni protini tu, wakabuni unga na vyakula vya kila namna, hadi mwaka 1974 mwenzao, Donald McLaren, alipoandika wazi kwamba walikuwa wamepotoka: watoto walikosa chakula cha kutosha kwa ujumla wake, na walikuwa wakiugua mno.

Botswana inaniuma zaidi, kwa sababu ni jambo la siku zetu. VVU vinaweza kupita kwenye maziwa ya mama; hilo ni kweli na lilipimwa. Kwa hiyo mama wenye maambukizi wakapewa maziwa ya kopo bure, kwa nia njema kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zikanyesha, maji yakachafuka, kuhara kukaingia. Mamia ya watoto walifariki, na walioangushwa zaidi ni wale wasionyonya. Hesabu ya maabara ilikuwa sahihi. Jikoni na kisimani hakuna aliyepahesabu. Mwaka 2010 mwongozo wa dunia ukabadilika: mama atumie dawa zake za ARV, anyonyeshe. Mpaka leo nakutana na bibi anayemzuia mkwewe asinyonyeshe kwa sababu aliambiwa hivyo zamani na mtu wa afya. Simlaumu bibi. Alitii.

Turudi nyumbani. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa ulioongoza ni Iringa, karibu 57%. Iringa! Kwenye mahindi, viazi, maharage na maziwa. Njombe inafuata. Hapo utamwambia mama nini, "lima zaidi"? Analima kutoka alfajiri, na ndiyo maana mtoto anaachiwa kaka yake wa miaka saba na kikombe cha uji mwepesi hadi jioni. Daktari hajui hilo mpaka aulize. Mama analijua, na akiulizwa kwa heshima atasema.

Na uji wa lishe. Najua nagusa mfuko wa mtu. Ushauri wa kuchanganya mahindi, ngano, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga, hata dagaa kwenye unga mmoja umeenea kwa redio, kwa majirani, na kliniki pia. Unaonekana na akili: vingi ni bora. Lakini nafaka tano ni nafaka ileile mara tano. Karanga iliyosagwa ikakaa wiki kadhaa inachacha. Soya isiyokaangwa vizuri inamsumbua mtoto tumbo. Na mahindi na karanga vikihifadhiwa na unyevu hushika sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho wala kutoka kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu 20 huko Dodoma na Manyara. Kenya mwaka 2004 iliua 125. Unga wa mchanganyiko ulionunua hujui karanga zake zimetoka wapi. Maafisa lishe wengi siku hizi wanashauri unga wa nafaka moja, ulioandaa mwenyewe, kisha ukiwa jikoni uongeze maziwa, au karanga ulizochambua na kusaga siku hiyohiyo, au yai, au mafuta kidogo, na uji uwe mzito usiomwagika kwenye kijiko.

Nimeulizwa pia kuhusu madaktari wanaosikika sana mitandaoni wakizungumzia ulaji. Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo, maneno yake kuhusu sukari na kufunga yamejadiliwa kila kijiwe, na namshukuru kwa kuwafanya wanaume wazungumzie matumbo yao. Kwamba soda na sukari nyingi zinatuumiza, hilo lina ushahidi wa kutosha. Lakini ushauri wa kufunga saa nyingi alioupata mtu mzima mwenye kitambi, usiupeleke kwa mama mjamzito, kwa mtoto wa darasa la pili, wala kwa baba anayechoma sindano ya insulini. Yule daktari hakuwa akizungumza nao, na mwenye sukari akifunga bila kumwona daktari wake anaweza kuzimia.

Hata hivyo msitoke hapa mkisema lishe yote ni maoni. Maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, bila maji, bila uji, hilo limepimwa nchi nyingi na linaokoa watoto. Chumvi yenye madini joto imepunguza sana matezi ya shingo na kulinda akili za watoto. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi kwa mjamzito, matone ya vitamini A: haya yashikeni kama mnavyoshika chanjo. Nje ya hapo, daktari akikushauri chakula, muulize jambo hili limejulikanaje, limepimwa kwa watu wa namna gani, na kwa kipato chako utalifanyaje. Mjuzi wa kweli hatakasirika. Atakaa vizuri kwenye kiti akueleze, au atasema hajui na akuelekeze kwa afisa lishe. Mimi nikimsikia daktari akisema "hili silijui", namwamini zaidi kwa lile analosema analijua.

Wauguzi wa zahanati watakuja shuleni kwa ajili ya mabinti wa kuanzia miaka 9. Nimemwomba Mwalimu Mkuu, naye amekubali, kwamba mzazi yeyote anayetaka kuiona chupa ya chanjo, jina lake na tarehe yake, aruhusiwe kabla binti hajachomwa. Mkono ukiuma au homa ndogo ikija siku ile, ni kawaida. Binti akizimia kwa hofu, atakuwa amekaa, ndiyo maana tunawakalisha dakika kumi na tano. Likitokea lolote zaidi ya hapo, mlete zahanati siku hiyohiyo na udai liandikwe, kwa sababu zile hesabu nilizowasimulia zinaanzia kwenye daftari la zahanati kama yetu.

Mama wa kanga ya njano ameinua mkono tangu nilipotaja uzazi. Tuanze na wewe, mama. Uliza lote.